Ruzuku za kusomea uchambuzi wa tabia Marekani: pesa inatoka wapi, na inadai nini

Ujumbe wa namna hii hauishi kuzunguka kwenye makundi ya WhatsApp ya wasemaji wa Kiswahili walioko Marekani: jimbo fulani linawalipa watu wasomee kazi ya kuwahudumia watoto wenye usonji (autism), si mkopo, haurudishi kitu, wahi kabla nafasi hazijaisha. Ujumbe huo ukifika Dar es Salaam au Mombasa unakuwa umeshatiwa chumvi. Sasa ni serikali nzima ya Marekani inayogawa, na aliyemaliza kidato cha nne anaweza kuomba akiwa nyumbani kwao.

Ukweli umo ndani yake. Ruzuku za kusomesha wachambuzi wa tabia zipo, na katika baadhi ya majimbo zimekuwepo kwa zaidi ya miaka kumi. Zimewafikisha watu kwenye taaluma ambayo ada yake wasingeimudu. Kinachokosekana kwenye ujumbe ni upande wa pili wa mkataba. Jimbo linalotoa pesa hizi linanunua miaka ya kazi ya huyo mwanafunzi baada ya kuhitimu. Anayetia sahihi bila kulijua hilo anaweza kuja kudaiwa pesa ambazo hakuwahi kukopa.

Huyu mchambuzi wa tabia ni nani

Tuseme kuna mtoto wa miaka minne ambaye hajaanza kusema. Kila mama yake anapoingia jikoni, mtoto anagonga kichwa ukutani. Jirani anasema ni jeuri, shangazi anasema kuna mkono wa mtu, baba anasema atakua ataacha. Mchambuzi wa tabia anakuja na karatasi na kalamu, anakaa pembeni, anaandika mambo matatu kila tukio linapotokea: kilichotangulia, tendo lenyewe, na kilichofuata. Baada ya siku kadhaa karatasi inaanza kusema. Mtoto anagonga kichwa mama anapompa mgongo, na kila akigonga, mama anaangusha mwiko na kumbeba. Kwa mtoto asiye na maneno, ukuta umekuwa njia ya kuita.

Hapo ndipo kazi inapoanza. Mtoto anafundishwa njia nyingine ya kuita, labda kuvuta upindo wa kanga ya mama au kumpa kadi yenye picha, na mama anafundishwa kuitikia papo hapo kila njia hiyo inapotumika. Matukio yanahesabiwa kila siku. Idadi ya kugonga kichwa isiposhuka, mpango unabadilishwa, na mtoto halaumiwi. Ukiondoa misamiati yote ya kitaaluma, huo ndio uchambuzi wa tabia. Mizizi yake iko kwenye maabara za mwanasaikolojia wa Kimarekani B. F. Skinner, na kama taaluma ya kuwahudumia watu ilijitambulisha rasmi mwaka 1968, jarida lake la kwanza la utafiti lilipoanza kutoka Marekani.

Mchambuzi huyu si daktari wa magonjwa ya akili. Haandiki dawa. Kwa kawaida si yeye anayempima mtoto na kutamka kwamba ana usonji. Hiyo ni kazi ya daktari au mwanasaikolojia. Na wateja wake si watoto wenye usonji peke yao. Kanuni zilezile hutumika kwa mtu mzima aliyeumia ubongo, kwenye madarasa yenye vurugu, hata katika usalama viwandani. Ila ukweli ni kwamba usonji ndio unaoleta sehemu kubwa ya ajira na karibu ruzuku zote tunazozizungumzia.

Ndani ya taaluma kuna ngazi, na kuzichanganya ndiko kunakozaa maneno mengi. Ngazi ya chini ni msaidizi anayekaa na mtoto saa kwa saa. Kazini wanaitwa RBT. Anatakiwa awe na miaka 18, amemaliza sekondari, amepata mafunzo ya saa 40, amepimwa ujuzi na kufaulu mtihani. Ngazi ya kati, BCaBA, inataka shahada ya kwanza. Mchambuzi kamili, BCBA, ni mwenye shahada ya uzamili iliyo na masomo maalumu, mafunzo kwa vitendo ya saa nyingi, na mtihani ambao miaka ya karibuni waliofaulu mara ya kwanza wamekuwa nusu na ushee tu. Vyeti vyote vitatu hutolewa na bodi moja ya taaluma, BACB, iliyoundwa mwaka 1998. Majimbo mengi yanadai pia leseni ya jimbo juu ya cheti.

Ruzuku za majimbo hulenga hasa hiyo ngazi ya juu. Mafunzo ya RBT hayahitaji ruzuku. Waajiri wengi huyatoa wenyewe kwa wafanyakazi wapya, tena wakiwalipa. Mtu akikuambia amepata "ruzuku ya RBT" na wewe utume pesa ya kujiandikisha, funga mazungumzo.

Kwa nini jimbo litoe pesa

Mwaka 2001 Indiana ilipitisha sheria ya kuyalazimisha makampuni ya bima kulipia huduma za usonji. Majimbo mengine yakafuata moja baada ya jingine, na kufikia 2019 yote 50 yalikuwa na namna yake ya kulazimisha. Julai 2014 serikali ya shirikisho nayo ikaweka wazi kwamba Medicaid, bima ya umma ya wenye kipato kidogo, inapaswa kuwalipia watoto wenye usonji tiba wanazozihitaji. Wakati huohuo idadi ya watoto wanaotambuliwa ilikuwa inapanda. Makadirio ya kituo cha udhibiti wa magonjwa cha Marekani, CDC, kwa watoto wa miaka minane yalikuwa mtoto 1 kati ya 150 mwaka 2000; ripoti ya 2025 inasema 1 kati ya 31. Sehemu kubwa ya ongezeko hilo inatokana na vipimo bora, ufafanuzi mpana zaidi wa usonji, na kufikiwa kwa familia ambazo zamani hazikuhesabiwa.

Kwa hiyo mzazi alikuwa na kadi ya bima inayosema huduma italipiwa, na hakuna mtu wa kuitoa. Michigan ni mfano mzuri. Sheria zake za bima ya usonji zilitiwa sahihi Aprili 2012, na aliyezipigania kwa nguvu ni naibu gavana wa wakati huo, Brian Calley, ambaye ana binti mwenye usonji. Mwaka uliofuata Medicaid ya jimbo ikaanza kulipia. Lakini wachambuzi wenye cheti jimboni walikuwa wachache mno kulinganisha na watoto waliokuwa wakisubiri, na mchambuzi mmoja hupatikana baada ya miaka miwili au mitatu ya masomo juu ya shahada ya kwanza. Jimbo likaamua kupeleka pesa za umma vyuoni ili kuongeza nafasi za mafunzo. Kimojawapo ni Western Michigan University kilichoko Kalamazoo, ambacho idara yake ya saikolojia ina jina kubwa katika uchambuzi wa tabia tangu zamani.

Hesabu ya jimbo si ngumu kuielewa. Ada ya mwanafunzi mmoja ni pesa kidogo ukilinganisha na gharama za mtoto anayekua bila msaada hadi utu uzima. Lakini jimbo lina hofu moja: kumsomesha mtu kwa kodi ya wananchi wa Michigan, kisha akahamia Florida akafungue kliniki. Masharti yote utakayokutana nayo kwenye fomu yanatokana na hofu hiyo.

Pesa inavyosafiri hadi kwa mwanafunzi

Watu wengi hudhani kuna dirisha serikalini ambapo mwanafunzi anaomba na kuandikiwa hundi. Kwa kawaida halipo. Jimbo hutoa ruzuku kwa chuo, chuo ndicho huchagua wanafunzi, na mwanafunzi anaiona pesa kama punguzo la ada, posho ya mwezi, au usimamizi wa bure wakati wa mafunzo kwa vitendo. Mwenye majibu basi ni mratibu wa programu kwenye idara ya chuo. Ofisi ya gavana haitakusaidia, na ofisi ya jumla ya misaada ya wanafunzi mara nyingine haina habari kabisa.

Njia ya pili ni ya shirikisho, na kwenye mazungumzo huchanganywa na ya jimbo. Wizara ya Elimu ya Marekani ina ruzuku za kuandaa wataalamu wa elimu maalumu chini ya sheria ya elimu ya watoto wenye ulemavu, na baadhi ya programu za uchambuzi wa tabia zimepita humo. Masharti yake yameandikwa bayana: kila mwaka mmoja wa kusomeshwa, miaka miwili ya kazi kwa watoto wenye ulemavu. Ukisomeshwa miaka miwili, unadaiwa minne. Usipoitimiza, unarudisha pesa pamoja na riba.

Njia ya tatu inakuja baada ya masomo: unakopa kawaida, unahitimu, kisha serikali inakulipia mkopo kidogo kidogo kadiri unavyofanya kazi mahali panapohitaji watu. Mpango mkubwa wa shirikisho wa aina hii unafuta salio la mkopo wa shirikisho baada ya malipo 120 ya kila mwezi, yaani miaka kumi, kwa anayefanya kazi serikalini au kwenye shirika lisilo la faida. Kliniki nyingi za usonji ni biashara za watu binafsi, na miaka unayofanya huko haihesabiki hata kama watoto unaowahudumia ni wa familia maskini. Wengi hugundua wakiwa wameshachelewa.

Nyumbani tunalijua jambo hili kwa sura nyingine. Fundi gereji akimchukua kijana wa jirani na kumfundisha bure, anamlisha mchana, anampa nauli, wote wanajua kwamba kijana akishaiva hatafungua gereji yake kesho yake. Atabaki pale kwa muda akimfanyia kazi aliyemfundisha. Ruzuku ya jimbo ni makubaliano hayohayo, tofauti ikiwa kwamba yameandikwa na yana mwanasheria nyuma yake.

Na ni tofauti na mkopo tunaoufahamu. Aliyekopa HESLB, bodi ya mikopo ya elimu ya juu ya Tanzania, anakatwa asilimia 15 ya mshahara wa msingi popote anapoajiriwa, na hakuna anayemuuliza kama yuko Mbeya au Mtwara, kama anafundisha au anauza bima. Mkopo unafuata mshahara wako. Ruzuku hizi hazigusi mshahara. Zinaamua mahali utakapoishi na watu utakaowahudumia kwa miaka kadhaa. Kwa kijana asiye na familia hilo ni jepesi. Kwa mama wa watoto watatu ambaye mume wake anafikiria kuhamia jimbo jingine kufuata kazi, ni uamuzi wa nyumba nzima.

Saa 2,000

Jambo ninalotamani kila anayeifikiria njia hii alielewe kabla ya kulihesabu la ada ni mafunzo kwa vitendo. Ndipo watu wengi wanapokwama, na ndipo tofauti ya programu yenye ruzuku nzuri na yenye ruzuku ya jina inapoonekana.

Kanuni ya kawaida ya bodi ni saa 2,000 za kazi chini ya msimamizi aliyehitimu. Kuna njia ya mkato ya saa 1,500 yenye usimamizi mzito zaidi. Kwa saa 100 kila mwezi, 2,000 zinamalizika baada ya miezi 20. Na si kila saa unayokaa na mtoto inaingia kwenye hesabu. Angalau asilimia 60 zinatakiwa ziwe kazi za mchambuzi mwenyewe: kuchunguza, kuchora grafu za takwimu, kuandika mpango, kuwafundisha wazazi na wasaidizi. Kukaa na mtoto na kutekeleza mpango ulioandikwa na mtu mwingine, ambayo ndiyo kazi ya RBT ya kila siku, hakuwezi kuzidi asilimia 40, yaani saa 800.

Aliyefanya kazi ya RBT kwa miaka mitano huamini ameshakaribia. Hajakaribia. Kwanza, saa zinaanza kuhesabiwa baada ya kuanza masomo yanayotambuliwa na bodi, hivyo miaka mitano ya nyuma, kwa hesabu hii, ni sifuri. Pili, akiisha kuanza masomo, mwajiri wake anampangia saa 35 kwa wiki na mtoto kwa sababu hizo ndizo bima inazolipa, na saa za kuandika na kuchambua hazipati nafasi. Mwezi unapita, ameshinda kazini kila siku, na kwenye daftari la mafunzo ameongeza saa chache tu zinazofaa.

Halafu usimamizi. Katika njia ya kawaida, asilimia 5 ya saa za kila mwezi lazima msimamizi awe nawe, jumla saa 100 katika zile 2,000. Usipokuwa na mwajiri au chuo kinachotoa usimamizi huo, unamlipa mtu kwa saa kutoka mfukoni. Mwajiri anayeutoa bure naye mara nyingi ana mkataba wake: ukiondoka kabla ya muda, lipa. Hapo mwanafunzi anaweza kujikuta amefungwa pande mbili, na kliniki inayomtaka abaki kwao na jimbo linalomtaka afanye kazi shule ya umma. Nimesoma mikataba ya aina zote mbili, na hakuna hata mmoja unaoutaja mwingine. Ni juu ya mwanafunzi kuiweka mezani sambamba na kuangalia kama miaka inaweza kutumika yote mahali pamoja.

Ndiyo maana nikiambiwa nichague kati ya ruzuku inayolipa nusu ya ada na kukuweka kwenye shule yenye msimamizi tayari, na inayolipa ada yote kisha ikakuacha ujitafutie saa mwenyewe, naona ya kwanza ina thamani kubwa zaidi.

Nani anaweza kuomba

Ruzuku ya jimbo humtaka mkaazi wa jimbo, au angalau mtu aliyesajiliwa kwenye chuo cha jimbo hilo na mwenye haki ya kufanya kazi Marekani baada ya kuhitimu. Ruzuku za shirikisho ni za raia, mwenye kadi ya kijani, au aliyemo nchini kwa nia ya kubaki, kama mkimbizi aliyepokelewa rasmi. Kwa ndugu zetu wengi kutoka Kongo waliopitia kambi za Nyarugusu au Kakuma na kupewa makazi Marekani, mlango huu uko wazi kuliko wanavyodhani. Hadhi ya ukimbizi inawaruhusu pia kujaza fomu ya shirikisho ya misaada ya wanafunzi, FAFSA, ambayo ni bure. Anayekutoza kuijaza anakuuzia kilicho chako.

Mwanafunzi mwenye viza ya masomo, yaani yule anayeomba chuo akiwa Nairobi au Arusha, kwa kawaida hayumo. Kwake njia ya kweli ni nafasi ya msaidizi wa kufundisha au wa utafiti ambayo chuo chenyewe hutoa kwa wanafunzi wa uzamili, ikimpunguzia ada na kumpa posho. Ushindani wake ni mkali, ila haiangalii pasipoti.

Na katika ngazi ya uzamili mambo yamebana zaidi. Msaada mkubwa wa shirikisho usiorudishwa, Pell, ni wa shahada ya kwanza tu. Sheria iliyotiwa sahihi Julai 2025 imefunga, kuanzia Julai 1, 2026, ule mkopo uliokuwa ukiwaruhusu wanafunzi wapya wa uzamili kukopa hadi gharama yote ya chuo. Programu za kawaida za uzamili zimebakiwa na kikomo cha dola 20,500 kwa mwaka na 100,000 kwa jumla. Ruzuku za majimbo zitagombewa zaidi kuliko ilivyokuwa.

Kuna mtego mwingine kwenye majina. Majimbo mengi yana pesa za wafanyakazi wa "afya ya tabia", na msomaji anaona neno tabia na kujaza fomu. Jina hilo kwa kawaida linahusu afya ya akili na uraibu: washauri nasaha, wafanyakazi wa ustawi wa jamii, wanasaikolojia. Wachambuzi wa tabia wakati mwingine wamo, wakati mwingine hawamo. Itafute orodha ya leseni zinazokubaliwa kabla ya kuandika insha ya maombi.

Kuhusu kodi ya mapato, sehemu ya ruzuku inayolipa ada na vitabu vinavyotakiwa na kozi kwa kawaida haitozwi kwa anayesomea shahada. Posho ya chakula na kodi ya nyumba inahesabiwa kuwa kipato, na mara nyingi haikatwi mapema, hivyo Aprili, mwezi wa kuwasilisha hesabu za kodi, inakuja na bili.

Lawama juu ya taaluma yenyewe

Nisingekuwa mkweli kama ningeeleza pesa tu na kuficha ugomvi. Wapo watu wazima wenye usonji, waliopitia huduma hii utotoni, wanaosema iliwaumiza. Wanasema walifundishwa kuficha walivyo, kukaza macho kwa mtu hata inapowauma, kuacha kupunga mikono iliyokuwa ikiwatuliza, na kutii tu.

Historia inawapa haki kwa sehemu. Utafiti uliozipa huduma hizi umaarufu, wa Ivar Lovaas wa chuo kikuu cha UCLA mwaka 1987, ulihusu watoto 19 waliofundishwa saa 40 au zaidi kwa wiki, na 9 kati yao wakaelezwa kuwa wamefikia kiwango cha wenzao darasani. Mbinu zake zilijumuisha kumkaripia mtoto kwa sauti kubwa na kumpiga kofi pajani. Kituo kimoja huko Canton, Massachusetts, Judge Rotenberg Center, kimetumia mashine za kuwapiga wakazi wake shoti ya umeme kama adhabu, na mwaka 2022 chama cha kimataifa cha wachambuzi wa tabia kilitangaza rasmi kupinga matumizi hayo. Wachambuzi wengi wa leo wanafundishwa tofauti: kuanza na kile mtoto anachokihitaji, kupata ridhaa yake kwa ishara anazoweza kutoa, kuacha anapokataa. Wengi, lakini si wote, na wala si kila kliniki.

Hili linahusu ruzuku moja kwa moja. Pesa za umma zikimwagwa kuongeza idadi haraka, kinachoweza kupunjwa ni usimamizi. Mwanafunzi anayechagua programu anachagua pia nani atakayemfundisha kushika mkono wa mtoto wa mwenzake. Uliza mpango wa mtoto unawekwaje, na mtoto akikataa inakuwaje. Majibu yatakuambia mengi kuliko kiasi cha posho.

Mtoto anayesema "maji"

Ipo sababu ya mimi kutaka wasemaji wa Kiswahili waingie kazi hii hata kwa masharti yake. Mtoto wa familia ya Kikongo kule Lansing, Michigan, anapimwa lugha. Anaonyeshwa kikombe, anasema "maji". Msaidizi asiyejua Kiswahili anaandika kwamba ametoa sauti isiyo na maana. Mtoto anasema "sitaki" na kusukuma kadi. Inaandikwa kwamba amesukuma kadi. Ripoti inatoka ikisema hana maneno, na saa za huduma zinapangwa kumfundisha maneno ambayo tayari anayo kwa lugha ya mama yake.

Au anaandikiwa lengo la kutumia uma, katika nyumba ambamo ugali unaliwa kwa mkono na mtoto anakula vizuri kabisa. Au lengo la kumwangalia mtu mzima machoni anaposemeshwa, wakati bibi anayemlea amemfundisha kuinamisha macho kwa heshima. Mkalimani wa simu hawezi kuyaona haya. Yanahitaji mtu mwenye cheti, aliyekaa kwenye nyumba kama hiyo.

Kwa walioko nyumbani

Afrika Mashariki ina watoto wenye usonji na wataalamu wachache sana, na wazazi wa Kenya na Tanzania wamekuwa wakiunda vituo na vyama vyao wenyewe. Anayetaka kusomea uchambuzi wa tabia ili afanye kazi huku anapaswa kulijua jambo moja kabla ya kuuza kiwanja apeleke ada Marekani: tangu Januari 2023 bodi ya BACB haipokei tena waombaji wapya wa vyeti isipokuwa wanaoishi katika nchi chache, Marekani na Kanada zikiwa za kwanza. Anayeishi Dodoma au Kisumu hawezi kuomba cheti cha BCBA hata akiwa na shahada sahihi kutoka chuo cha mtandaoni. Shahada inabaki kuwa elimu, na lipo shirika jingine, IBAO, linalotoa cheti cha kimataifa kwa walio nje ya nchi hizo. Kiulize chuo ni bodi gani inayoyatambua masomo yake kabla ya kulipa.

Kwa aliyeko Marekani na fomu ya ruzuku iko mbele yake, mambo ya kuuliza ni yale ambayo ujumbe wa WhatsApp hauyataji. Miaka ya kutumikia inaanza kuhesabiwa lini, siku ya kuhitimu au siku ya kupata leseni? Mtihani ukinishinda mara ya kwanza, muda unasimama au unaendelea? Nikipata mtoto, nikiugua, mwenzi wangu akihamishwa kazi, kuna kuahirisha? Nikitumikia mwaka mmoja kati ya miwili, nadaiwa nusu au nadaiwa yote? Na bunge la jimbo likikata bajeti nikiwa katikati ya masomo, nani analipa muhula unaobaki, na sharti la kutumikia linabaki juu yangu au linaondoka? Tuma maswali haya kwa barua pepe kwa mratibu wa programu, uombe ajibu kwa maandishi, na majibu uyahifadhi pamoja na mkataba.